Jogingi ya Jumamosi inanimaliza miguu: kocha anasema vumilia, mume anasema acha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, fundi cherehani hapa Mwanza. Naishi Mabatini, kule juu kwenye mawe, na kibanda changu cha kushonea kipo chini karibu na barabara. Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia, nikisimama ni kumpima mteja au kupiga pasi. Mwaka jana nilimpeleka mtoto zahanati, nesi akanipima na mimi presha, akaniambia ipo mpakani. Si ya kuanza dawa, ila nipunguze chumvi, nipunguze mwili na nifanye mazoezi.

Mtaani kwetu kuna klabu ya jogingi. Kila Jumamosi alfajiri walikuwa wanapita wanaimba, na jirani yangu mmoja akanivuta. Tunashuka Mabatini, tunakatiza mjini, tunapita pale Jiwe la Bismarck, tunazunguka Capri Point, tunarudi. Tukirudi kocha anatupeleka kwenye ngazi za mawe, kupanda na kushuka. Halafu kila wiki ana jambo jipya: mara kuruka chura, mara kuchuchumaa umebeba jiwe, mara kushuka mlima mbio.

Sitakudanganya Shangazi, klabu imenipa watu. Zamani mjini hapa nilikuwa na wateja tu. Sasa tuna kikoba, tunazikana, tunachangiana harusi, na juzi wamenichagua kuwa mweka hazina.

Shida ni maumivu. Nikipanda zile ngazi mapaja yanawaka mpaka nasimama. Jumapili naamka nimekaza, na Jumatatu ndiyo balaa. Kushuka kwenda kibandani nashika mawe, nashuka kinyumenyume. Chooni kuchuchumaa ni kazi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo nguo za watu zinachelewa, na msimu huu wa sendofu mteja hataki kusikia habari za vigimbi vyangu. Pia mguu wa kushoto una sehemu ndogo kwenye ugoko, upande wa ndani, nikibonyeza nasikia maumivu ya mfupa kabisa. Mwanzo ilikuwa inaniuma tukikaribia kumaliza. Siku hizi inaanza hata hatujafika mjini, na jana imeniuma nimekaa zangu nashona.

Kocha anasema hiyo ni asidi inatoka na nyama za uzembe zinaungua, nivumilie. Anayetembea wenzake wanakimbia anataniwa njia nzima, na asiyekuja bila udhuru analipa elfu mbili. Basi nimeacha kula usiku, nakunywa maji ya ndimu ya kusafishia asidi. Na ili nisionekane mzembe, Jumamosi kabla sijatoka nameza diklofenaki ya duka la dawa, na jioni nyingine. Inanisaidia.

Mume wangu anafanya biashara Ukerewe. Anafika na meli Ijumaa, anaondoka Jumatatu. Ndiye anayenichua kwa maji ya moto, lakini amechoka. Akinigusa paja naruka. Anasema, "Siku ninazokuwepo ndizo siku zako za kulia miguu. Acha hayo mambo." Mama naye ananitisha. Mtoto wa kaka yangu ana siko seli, sasa mama anasema kuumwa viungo kumo kwenye ukoo wetu, nisikuchokoze.

Nikiacha, napoteza wenzangu na presha itapanda. Nikiendelea, naona nyumba na kazi vinaharibika. Shangazi, nichague lipi?

Mama Cherehani, Mabatini

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa miguu. Pole na kwa mawe, maana wengine tukikaza misuli tunajificha sebuleni, wewe ukifungua mlango tu unakutana na mteremko.

Umeniuliza uache au uendelee. Nimeisoma barua yako mara kadhaa na nadhani hujaniletea swali moja. Umeniletea maumivu ya aina tatu ukayapa jina moja, na kila moja lina asili yake. Juu ya hayo kuna Jumamosi, siku moja inayogombewa na mume, wenzako na nesi aliyekupima presha. Tukiyaacha yote yabaki fungu moja, jibu litakuwa kuacha au kuvumilia tu, na sidhani kama lolote kati ya hayo mawili linakutosha.

Tuanze na moto wa kwenye ngazi. Huo unakuja ukiwa unapanda na unapoa ukisimama, sivyo? Misuli ikifanya kazi kali kuliko hewa na damu inavyoifikia, mabaki ya kazi hiyo hujaa ndani yake na wewe unasikia inawaka. Ukipumzika dakika chache, inatulia. Mtu mzima asiye na ugonjwa haumizwi na moto huo. Ni taarifa tu kwamba umefika ukingoni kwa leo. Kama ungekuwa unakubana kifua, unakupa kizunguzungu au unakukata pumzi isiyorudi, ningekuambia habari nyingine kabisa, tena ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hapa ndipo kocha anapochanganya mambo. Asidi anayoisema, ile ya laktiki, mwili huiondoa wenyewe, na baada ya saa moja hivi ya mapumziko damu huwa imerudi karibu na hali yake ya kawaida. Jumamosi saa nne asubuhi, wewe ukiwa umeshaoga na kukaa kwenye cherehani, haipo tena ya kuzungumzia. Kwa hiyo maumivu ya Jumatatu hayawezi kuwa yake, na ndimu haina cha kusafisha. Kunywa ndimu ukiipenda, lakini isiwe badala ya chakula cha usiku.

Sasa Jumatatu. Maumivu haya yana historia yake. Mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Theodore Hough, aliandika kuhusu misuli inayouma siku inayofuata badala ya siku ya kazi yenyewe, akahisi kwamba ndani yake kuna kuchanika kudogo kudogo. Wataalamu waliokuja baadaye wamekwenda mbele zaidi, lakini njia ni ileile. Misuli ikilazimishwa kufanya kazi huku inavutwa, nyuzi zake nyembamba hupata majeraha madogo sana, kisha mwili huanza kuyashughulikia kwa kuvimbisha kidogo na kuamsha neva za maumivu. Huanza saa 12 hadi 24 baadaye, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida ndani ya wiki huwa yamekwisha. Hesabu kutoka Jumamosi alfajiri utaona unaangukia wapi.

Kazi ya namna hiyo unaifanya zaidi ukishuka kuliko ukipanda. Wengi hulaumu kilima, kumbe kilima kinakukata pumzi tu. Ukishuka, paja linakuwa breki ya daladala kwenye mteremko, linashikilia uzito wako huku linarefuka. Kuruka chura, unapotua ni hivyohivyo. Kuchuchumaa na jiwe, unapoenda chini ni hivyohivyo. Kocha wenu, bila kujua, amechagua karibu kila zoezi linaloleta maumivu ya Jumatatu, akayaweka yote mwishoni, mkiwa mmeshachoka, katika mji ambao hata kwenda dukani ni kushuka mlima.

Lipo na la kufurahisha. Misuli iliyopitia kazi fulani mara moja huizoea. Ukirudia kazi ileile baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa madogo kuliko mwanzo. Swali lako ulilolinyamazia, mbona mimi sizoei, nadhani jibu lake liko kwenye barua yako mwenyewe: kila wiki jambo jipya. Mwili unazoea chura, wiki inayofuata unaletewa jiwe. Mimi nisingelihesabu hilo kuwa uzembe wako. Wala nyama za uzembe hazipimwi kwa kulia chooni. Mtu anaweza kufanya mazoezi mazuri sana ya moyo na presha bila kuamka amekaza, na mwingine akakaza wiki nzima kwa sababu tu amefanya asichokizoea.

Mumeo anavyokuchua, mwambie inasaidia kweli, angalau kupunguza. Kutembeatembea polepole Jumapili nako kunalegeza. Kunyoosha viungo kabla na baada hakuzuii maumivu haya kwa kiasi cha maana, ingawa hakuna ubaya ukikupenda. Ila maumivu yakizidi mpaka misuli imevimba na kuwa migumu, nguvu zimeisha, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, usiongeze hata bilauri ya ndimu. Hiyo ni dharura, misuli inaweza kuwa imevunjika kwa wingi na inaumiza figo.

Niruhusu sasa niulize kuhusu vidonge, nawe usinione mkali. Ulianza kukimbia kwa sababu ya presha. Diklofenaki na ndugu zake kina ibuprofeni huweza kuufanya mwili ushike maji na chumvi, na presha ikapanda. Ukiimeza tumbo tupu alfajiri inachokoza tumbo, na ukitoka jasho jingi bila maji ya kutosha inazipa figo kazi mbaya. Hujaniambia kama umepima presha tangu uanze. Huoni kwamba hatujui kama mbio zinaishusha au kidonge kinaipandisha? Kipimo ni cha dakika tano, na ungekuwa na neno la kumwambia mumeo na mama pia, liwe zuri au baya. Kidonge kina kosa jingine: kinakunyima kusikia mguu unachokuambia. Ule wa kushoto nitaufikia.

Kwa mama, mwambie nimemsalimu, na kwamba hofu yake ina msingi ingawa ameielekeza pasipo. Mtoto wa kaka yako kuwa na siko seli maana yake amerithi kwa baba na kwa mama. Basi kaka yako huenda amebeba vinasaba hivyo, naye alivipata kwa mmoja wa wazazi wenu, na wewe pia huenda umevibeba bila kuugua. Huku kwetu Kanda ya Ziwa ni jambo la kawaida, wapo wengi. Anayebeba tu huishi maisha ya kawaida na haumwi viungo kila Jumatatu kwa sababu hiyo. Lakini akifanya kazi kali sana ghafla, kwenye joto, hana maji mwilini, mara chache misuli inaweza kuishiwa nguvu na kuuma kupita kiasi, hata akaanguka. Kipimo chake ni cha damu, uliza hospitali kubwa kama Bugando. Sikuambii upime ili uache mazoezi. Ukijua, utakuwa na sababu ya kubeba chupa ya maji, kuongeza kasi taratibu, na kusimama mwili unaposema basi bila kumwomba mtu radhi.

Turudi nyumbani. Ulichoandika kuhusu mumeo kimenigusa, na sidhani kama anaichukia klabu. Angalia kalenda yake na kalenda ya misuli yako. Anafika Ijumaa, wewe Jumamosi alfajiri umeondoka. Kuanzia Jumapili maumivu yanapanda, naye Jumatatu anapanda meli akikuacha umeshika mawe. Jumatano na Alhamisi, ukiwa mzima kabisa, yeye yuko Nansio, kule Ukerewe. Mazoezi yaleyale yangeangukia Jumanne, huenda asingejua hata kama yanauma. Umewahi kumuuliza kama anataka uache mbio, au anataka Jumamosi yake? Yanaweza kuwa maombi mawili tofauti. Na wewe pia jiulize, kwa siri, kama kinachokuuma zaidi kwenye zile ngazi ni paja au ni macho ya wenzako ukisimama.

Njia ninazoziona ni kadhaa na kila moja ina gharama yake. Ukiendelea kama ulivyo, unabaki na wenzako, lakini vidonge vitaendelea, kazi itachelewa na mumeo ataona hukumsikia. Ukiacha kabisa, amani ya nyumbani inaweza kuja upesi, ila utarudi kwenye kiti cha cherehani kutwa nzima, na upweke ule wa zamani sijui kama mumeo anaujua, kwa kuwa siku unazokuwa mpweke yeye hayupo.

Katikati pana nafasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Wewe una kilima bure. Ukigawanya katika siku za katikati ya wiki, nusu saa nusu saa kabla ya kufungua kibanda, presha itapata haki yake, na Jumamosi haitabeba mzigo wote. Hapo klabuni unaweza kwenda kwa ajili ya watu, ukatembea pale panapohitaji kutembea, ukaacha ngazi za kushuka au ukafanya chache na kuongeza kidogo kila baada ya wiki mbili. Kipimo rahisi mnacho tayari: mnaimba. Ukishindwa kuitikia hata maneno machache ya wimbo, umezidisha. Gharama ya njia hii ni utani. Utataniwa, pengine sana, na kama mweka hazina utajisikia vibaya kutembea nyuma. Lakini cheo hichohicho kinakupa mdomo kwenye kikao. Unaweza kuuliza kama zoezi moja likae wiki nne kabla ya kubadilishwa, na kama anayeumwa naye alipe faini. Sitashangaa ukigundua hauko peke yako. Nani mwingine anashuka kinyumenyume Jumatatu na hajasema? Kocha anaweza kukubali au akaona unamvunjia heshima. Wewe unamjua, mimi simjui, kwa hiyo pima kama ni mtu wa kuongea naye pembeni kwanza.

Chakula cha usiku kirudi, hata kidogo. Misuli inayojijenga na mfupa unaogongwa barabarani vinahitaji kula, na wewe unaishi penye sato na dagaa. Dagaa unamla na mifupa yake, kalsiamu hiyo wengine wanainunua kwenye makopo.

Nimesema mfupa kwa makusudi. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri mumeo arudi, au kikao kijacho. Ugoko wa kushoto usisubiri. Maumivu ya misuli huenea, huwa miguu yote miwili, na huisha. Hili lako limekaa sehemu moja ndogo juu ya mfupa, linaanza mapema kuliko zamani, na sasa linakuuma umekaa. Inaweza kuwa uvimbe wa pale misuli inaposhikana na mfupa, jambo la kawaida kwa wakimbiaji wapya, lakini huo huenea sehemu ndefu zaidi ya ugoko. Inaweza pia kuwa ufa mdogo unaoanza, na huo, ukiendelea kukimbia, hukua. Mpaka uonekane na daktari, Jumamosi hii usikimbie wala kuruka. Faini ya elfu mbili ikidaiwa, udhuru unao. Ukifika kwa daktari, muoneshe kwa kidole kimoja panapouma, mwambie panaanza kuuma wapi njiani na jinsi palivyobadilika, mtajie vidonge vyote, na umwambie kwamba unakanyaga cherehani kutwa. Picha ya kwanza ya eksirei ikionekana safi, muulize kama irudiwe, maana ufa wa namna hii unaweza usionekane wiki mbili tatu za mwanzo. Na ukiwa hapohapo, mwombe akupime presha.